Mama Mkwe na Mkwe Wake Kizimbani

Wapendwa wangu, asubuhi hii nawapeleka mahakamani. Msitoe macho hivyo, tutakwenda wote na tutarudi wote. Mama yangu uliyembeba mtoto hapo mbele, kaa vizuri, maana habari yenyewe ina kona nyingi, na mimi nikishaanza sijui kukatisha.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mkulima wa huko milimani, ambako watu wanalima mahindi kwenye miteremko mikali mpaka unashangaa jembe haliporomoki na mwenyewe. Jina lake silitaji, msiniulize. Mama huyo alikuwa na binti mmoja tu, na binti akaolewa na kijana dereva wa pikapu, mpole, mchapakazi, mtu wa kuinamisha kichwa akipita mbele ya wakubwa. Sasa, upande huo wana mila yao ya wakwe, na wengine hapa mnaijua, naona mnavyotabasamu. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Hamtaji jina. Hali chakula mbele yake. Wala hasemi naye ana kwa ana. Akiwa na neno analipitishia kwa mtu mwingine, na kama hakuna mtu, analipitishia kwa chochote kilicho karibu.

Basi kijana huyo akija kuziba bati la mama mkwe linalovuja, husimama nyuma ya nyumba akaongea na mbuzi. "We mbuzi, hebu muulize mama kama ile misumari ya juzi ilibaki." Na mama naye, yuko ndani ameketi, anamjibu mbuzi: "Mbuzi, mwambie mwanangu misumari iko kwenye kopo, na uji wake uko jikoni, akaunywe huko huko nisikomwona." Mbuzi anatafuna majani yake, hana habari.

Mnacheka! Lakini wenyewe waliishi hivyo, na walipendana mno. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba Mungu alimnyima mtoto wa kiume tumboni, akamletea mlangoni. Ukimsema vibaya mkwe wake mbele yake, siku hiyo utatafuta njia ya kupita. Na kijana, akipata nyama nzuri buchani, kipande cha kwanza ni cha mama mkwe, anakifunga vizuri, anakitundika mlangoni, halafu anatoroka kabla hajaonekana. Mkewe alikuwa anamtania, "Wewe ulimwoa mama, mimi nilikuja kama nyongeza."

Mwaka mmoja viwavi wakaingia shambani. Wakala mahindi yote ya mama, wakamwachia mabua yamesimama. Mama akahangaika, akakosa pa kushika. Akatazama kwa majirani, akaona wengine wao hawahangaiki, na sababu ya kutohangaika kwao akaijua. Akapiga moyo konde. Msimu uliofuata, katikati ya mistari ya mahindi, akapanda bhangi.

Hapo tuelewane, wapendwa. Mama huyu nampenda, mtaona mbele ya safari kwa nini, lakini simtetei. Bhangi ile ilikuwa inakwenda mjini kuvutwa na watoto wa watu. Alilijua hilo, akalifumbia macho. Na ninyi mnaotikisa vichwa, tulieni, hatujafika mbali.

Siku ya kupeleka mzigo ikafika. Mama akamwagiza binti yake amwambie mumewe aje na pikapu, kuna magunia ya kupeleka mjini. Binti hakuambiwa ni magunia ya nini, akadhani mahindi. Kijana akaja, akapakia, akawasha gari. Mama akaketi mbele, kando yake, na kijana akaendesha uso umeelekea barabarani na dirishani kwake, shingo imekakamaa. Jua likapanda. Turubai likapata joto. Na ile harufu ikaanza kuja mbele, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Kijana hakuwa na mafua. Walipofika kona ya pili alikuwa ameshajua kilichomo nyuma. Na mimi nasema angeweza kusimamisha gari. Angeweza kusema, mama, mzigo huu siubebi. Lakini kwao, mkwe kumuuliza mama mkwe "umebeba nini?" ni kumvua nguo hadharani. Ulimi ukamwia mzito. Akakohoa, halafu akaliambia gari, "We gari, mwambie mama kuna kizuizi cha polisi pale darajani."

Mama akatazama mbele. Akajitia ujasiri. Akaliambia gari, "Gari, mwambie mwanangu aende tu, Mungu yupo."

Jamani! Mungu yupo, sasa ndiyo aje kukusindikizia bhangi? Alikuwepo kweli, na siku hiyo alikuwa upande wa wale askari. Turubai likafunuliwa, magunia yakashushwa, mama na mkwe wake wakapandishwa gari la polisi, mmoja benchi hili, mwingine benchi lile, kila mmoja anatazama ukuta wake. Askari wakanong'onezana, "Hawa wanachukiana vibaya sana."

Wakafikishwa kwa hakimu. Wote wawili wakakiri kosa, maana hapakuwa na la kubisha. Magunia yenyewe yalikuwa yakinukia mpaka kwenye meza ya karani. Kosa moja, gari moja, mzigo mmoja. Ikabaki adhabu. Na ninyi mnajua utaratibu: kabla ya kutoa adhabu, hakimu humpa mshtakiwa nafasi aseme neno, aombe huruma kama anayo ya kuomba.

Mama akaanza. Alilia mpaka kanga ikalowa. Akasema habari za ujane wake, habari za magoti yake yanayovimba, habari za viwavi, habari za mjukuu wake wa kike anayetambaa. Yote yalikuwa kweli. Kitu kimoja tu hakukisema. Hakusema magunia ni ya nani. Hakuulizwa, naye hakujitolea.

Kisha hakimu akamgeukia kijana. "Mshtakiwa wa pili, na wewe una neno?"

Sasa tazameni taabu ya mtu huyo. Kizimba kilikuwa kidogo, na mama mkwe amesimama upande ule ule wa meza ya hakimu. Kumtazama hakimu ni kumtazama mama mkwe. Akageuza uso dirishani. Kisha, aseme nini? Aanze kulia shida zake mbele ya mama mkwe, mama aone binti yake aliolewa na mtu dhaifu? Au aseme mzigo si wangu, na mwenye mzigo ndiye huyu hapa? Bora ardhi immeze. Akanyamaza.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," hakimu akasema. "Huna lolote?"

Kijana akatikisa kichwa, uso uko dirishani.

Hakimu alikuwa mgeni, mtu wa kutoka mbali. Mila ile hakuijua, na hakuna aliyemwambia. Alichokiona ni mama mtu mzima anayelia kwa majuto, na kijana mwenye nguvu zake anayeigeuzia mahakama kisogo. Akakunja uso. Akasema, "Mshtakiwa wa kwanza ameonyesha majuto ya kweli, atakwenda gerezani miaka mitano. Mshtakiwa wa pili ni jeuri. Hana majuto hata chembe. Atakwenda miaka kumi na mitano."

Mama akafungua mdomo. Wallahi, kama wanavyosema ndugu zetu, alifungua mdomo aseme! Lakini ile mitano ilikuwa imeshamwingia kichwani, akaiona ni neema, akaogopa kuigusa isije ikabadilika. Askari akamshika mkono, akatoka naye.

Gerezani, upande wa wanawake, wenzake wakampongeza. Wakamwambia, wewe una bahati, piga kimya, uzee wako umekuokoa. Na mama akacheka nao. Lakini kila ugali wake ulikuwa haushuki. Alikuwa anamfikiria mjukuu wake. Mimi nikitoka, alijisemea, nitamkuta anavaa sare ya shule. Baba yake akitoka, atakuta watu wamekuja kumposa. Hapo ndipo usingizi unapokwisha.

Kisha binti yake akaja kumtembelea, mtoto yuko mgongoni. Mama akamuuliza habari za mumewe. Binti akanuna.

"Nilimwendea mara moja, simwendei tena," akasema. "Anajifanya mwema. Eti, kamuulize mama magoti yanaendeleaje. Eti, mwambie mama asilie, mimi kijana nitavumilia. Amekuponza, mama yangu mzazi, akachomeka bhangi ya watu kwenye magunia yako ya mahindi, halafu anakuulizia magoti!"

"Amekuambia nini kuhusu mzigo?" mama akauliza.

"Anasema alipewa na mtu. Mtu gani? Hasemi. Nimemwambia siku atakayomtaja huyo mtu ndiyo siku nitakayorudi."

Wapendwa, mama alimtazama binti yake. Alimtazama mjukuu. Neno lilikuwa hapa, kwenye koo. Ni mimi. Maneno mawili tu, hata mtoto anayeanza kusema anayaweza. Akasema, "Funika mtoto, kuna baridi." Na binti akaondoka na hasira zake.

Sasa msimwone mama huyo ni mtu mbaya sana. Hakuwa na ubaya wa kupanga. Alikuwa na ule woga wetu wa kila siku, wa mtu aliyepata nafuu na hataki mtu aitikise.

Wafungwa wenzake wakamshauri akate rufaa, aombe apunguziwe kwa ajili ya magoti. Na huko upande wa wanaume, kijana naye akaandikiwa rufaa na mfungwa mwenzake. Rufaa zote mbili zikapangwa siku moja, kwa jaji mmoja wa Mahakama Kuu, maana kesi yenyewe ilikuwa moja. Wakaletwa, wakasimamishwa tena pamoja, na kijana tena akageuza uso ukutani. Binti alikuja kumsikiliza mama yake. Aliketi benchi la katikati, mtoto amelala mapajani. Kwa mumewe hakupeleka hata salamu.

Jaji alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, mtaratibu wa kusema. Akafungua jalada, akasoma, akasita, akarudi nyuma. Akauliza, "Hawa watu wawili, kosa moja, mzigo mmoja, wote walikiri siku moja. Mbona huyu mitano na huyu kumi na mitano?"

Wakili wa serikali akainuka, kijana nadhifu, tai imekaa sawasawa. Akasema, "Mheshimiwa Jaji, nakubali adhabu hizi hazilingani. Lakini iliyokosewa ni ile ndogo. Mzigo ulikuwa mkubwa. Naomba mrufani wa kwanza apandishwe, alingane na mwenzake."

Mama akahisi magoti, yale yale anayoyaombea nafuu, yanataka kumwacha. Alikuja kutafuta kupunguziwa, sasa anasikia kumi na mitano! Hesabu haikumpiga chenga: kwa umri wake, hiyo ni kutoka gerezani amebebwa.

Jaji akamwona. Akamhurumia. Akavua miwani akamwambia kwa upole, "Mama, sikiliza vizuri. Rufaa ni yako, na unaweza kuiondoa sasa hivi kabla sijaisikiliza. Ukiiondoa, jalada lako nalifunga, unarudi na mitano yako, hakuna atakayeigusa. Ukiiacha iendelee, siwezi kukuahidi kitu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa."

"Unasemaje?"

Haya, ninyi mngemshauri nini? Semeni tu, nyumba ya Mungu hii, hatufungi mtu. Naam? Nasikia mzee mmoja huku kulia anasema aiondoe. Na akina mama wa dirishani nao wanasema aiondoe haraka. Asanteni kwa kusema ukweli. Hata mimi, kama ningekuwa shangazi yake, ningemvuta kanga.

Mama akauliza, "Nikiiondoa, na huyu itakuwaje?"

"Yake itaendelea. Ataitetea mwenyewe."

Mama akamtazama mkwe wake, kisogo chake, shingo yake iliyokonda, lile shati la wafungwa linalompwaya. Ataitetea mwenyewe! Alijua mtu huyo hatasema kitu. Hata wangemtoa yeye mama nje, hata wangemzika, kijana huyo asingefungua kinywa akamshtaki mama wa mkewe. Angerudi gerezani na kumi na mitano yake, akimuulizia magoti.

Basi kitu kikakatika ndani ya mama, nadhani ni ule woga. Akasema, "Siiondoi."

"Mama, fikiri."

"Nimefikiri mpaka nimechoka, mheshimiwa. Naomba niseme. Huyu mliyemfunga miaka mingi kwa jeuri, hana jeuri. Huyu ana adabu, tena imemzidi. Mimi ni mama mkwe wake. Kwetu mkwe hanitazami usoni, wala hasemi nami. Siku ile mbele ya hakimu aligeukia dirisha kwa sababu nilikuwa nimesimama pale. Alinyamaza kwa sababu yangu. Mkaniona mimi ninayelia ndiye mwenye kujuta, kumbe mimi nililia shida zangu tu. Kosa langu sikulisema. Magunia ni yangu. Mbegu nilipanda mimi, nilivuna mimi, nilifunga mimi kwa kamba. Yeye aliendesha."

Kule benchi la katikati, binti akaweka mkono mdomoni.

"Alijua kilichomo?" jaji akauliza.

"Alijua, pua anayo. Hilo simfichi, na yeye ana kosa lake. Lakini angeniambia nini, na mimi ndiye niliyemwozesha mwanangu? Mheshimiwa, kama ni lazima tulingane, tulinganishe. Hata ukinipandisha, nipandishe. Ila yeye usimwache pale alipo."

Halafu yule kijana, uso bado uko ukutani, akamwambia askari aliyesimama kando yake, "Afande, tafadhali, mwambie mama asiseme hivyo. Mwambie inatosha. Mwambie magoti yake hayawezi."

Askari akabaki ameduwaa. Mama mwenyewe yuko hapo, hatua mbili!

Jaji akauliza, "Kijana, mama anakusikia. Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Siwezi, mheshimiwa," kijana akasema, na machozi yanamtiririka. "Ni mama."

Jaji akaweka kalamu chini. Akatoka, akakaa ofisini kwake muda wa kutosha watu kuanza kuguna. Aliporudi akasema maneno machache. "Kimya cha mrufani wa pili kilikuwa heshima, kikahesabiwa dharau. Hilo ni kosa, na nalisahihisha. Na mrufani wa kwanza, mwenye mzigo hawezi kubeba kidogo kuliko aliyemsaidia kubeba. Lakini amesema kweli wakati angeweza kwenda zake, na hilo nalo lina uzito. Kosa lilikuwa moja, adhabu itakuwa moja. Kila mmoja miaka minane."

Mama akapiga kigelegele. Ndani ya Mahakama Kuu! Karani akaruka kwenye kiti. Askari wa kike akamshika bega akamnong'oneza, "Mama, umesikia vizuri lakini? Wewe umeongezewa."

"Nimesikia. Na yeye?"

"Yeye amepunguziwa."

"Basi niache nishangilie," mama akasema, akakiunganisha na kingine.

Na binti akainuka kwenye benchi lake, akapita mbele ya mama yake bila kusimama. Hasira alikuwa nazo, na alikuwa na haki nazo, zilikuja kuisha baadaye. Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, akamwekea mtoto mikononi, kwa muda ule mfupi askari walioruhusu. Mama akaona. Kwa mwaka mzima hakuwa ameona kitu kizuri kama hicho, na alikuwa amekinunua kwa miaka mitatu ya uzee wake. Hakuona ni ghali.

Wapendwa, mfano umeishia hapo. Sasa njooni karibu.

Sisi tunapenda sana kulalamika tukipewa adhabu kubwa kuliko wenzetu. Kila mtu hapa ana hadithi ya namna hiyo, ya kazini, ya nyumbani kwa baba yake, ya shuleni. Lakini niambieni, ni nani kati yetu amewahi kulalamika kwa kupewa ndogo? Nani amewahi kusimama akasema, jamani, kwenye kosa lile tulikuwa wawili, mbona mimi nimepita?

Hapa kwetu, katika usharika huu, mwezi uliopita tulikaa kikao, tukamtenga binti mmoja wa kwaya. Amebeba mimba hana mume. Tumemvua joho. Tumemwondoa kwenye meza ya Bwana. Ameketi pale benchi la mwisho, karibu na mlango, peke yake, na leo tena amekuja, Mungu ambariki kwa kuja. Sisemi hakuna kosa. Kosa lipo, kama bhangi ilivyokuwepo kwenye gari. Lakini wapendwa wangu, tangu lini kosa la namna hiyo likafanywa na mtu mmoja?

Tulimuuliza, ni nani? Akainamisha kichwa akanyamaza. Tukaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba ana kiburi. Sisi, wageni tusiojua kimya cha mtu kimebeba nini. Tukampa kumi na mitano yake, tukafunga kwa sala, tukaenda kunywa chai.

Na mwenzake yuko hapa. Sina jina lake, na nisingelitaja hata kama ningekuwa nalo. Yule binti anamjua, na hajamtaja. Mungu anamjua. Na yeye anajijua, tena sasa hivi mikono imemtoka jasho na anaomba niseme haraka Amina. Mwanangu, Amina bado. Sikiliza. Sina hasira nawe hata kidogo. Nakupenda, nakwambia mbele ya watu wote hawa, na Bwana wetu anakupenda kunishinda. Wewe hata mitano hukupewa, ulipewa sifuri, na najua jinsi ilivyo tamu na jinsi unavyoogopa kuigusa. Lakini kuna mtu anaulizwa kila siku nyumbani kwao, na shingo yake imekonda kwa ajili yako.

Hutatakiwa kuhutubia. Hutaulizwa maswali. Kando yake pale benchi la mwisho pana nafasi ya mtu mmoja, na mwenye kwenda kukaa pale atakuwa ameshasema yote. Na sisi wengine, akipita, mtu asigune. Asinong'one. Mwenye kigelegele akipige.

Kwaya, msianze kwanza. Mpeni nafasi atembee.